Meli Iliyorudi Nzito

Mama yule aliingia kituoni asubuhi, mvua ikiwa bado haijaamua kama inanyesha au inaacha, amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka la maua. Askari wa mapokezi alidhani ni mtoto. Alipofunua pembe ya shuka akaona pua ya meli ya mbao, nyeupe, yenye mstari wa buluu. Akacheka. Kisha akautazama uso wa mama, akaacha kucheka.

"Nimeibiwa," mama alisema.

"Umeibiwa nini, mama?"

"Meli."

"Na hii?"

"Hii siyo yenyewe."

Askari alikuna kisogo. Kesi za namna hiyo, zisizo na kichwa wala miguu, kituo kizima kilijua pa kuzipeleka: chumba cha mwisho, kwa inspekta ambaye wenzake walimbatiza jina la Kwanini. Ilisemekana kwamba hata siku ya harusi yake, alipoulizwa kama anakubali, alijibu kwa swali.

Kwanini aliiweka meli mezani, akaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Ngazi zake zilikuwa nyembamba kama meno ya kitana, maboya yamening'inia ubavuni, na kwenye madirisha kulikuwa na mapazia ya kitambaa halisi. Kivuko chenyewe alikitambua mara moja. Nani asingekitambua? Ndicho kilichopinduka msimu uliopita, asubuhi ya siku ya soko, kikazama na watu mahali penye kina ambako mpaka leo hakuna aliyekifikia. Nahodha wake aliokolewa, na shukrani aliyopewa ni mahabusu. Shtaka lilisema alikata kona kwa pupa.

"Keti, mama. Meli ilikuwa ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu. Alikuwa mchomeleaji kule karakana ya meli. Mchana vyuma, jioni mbao. Kila meli aliyoishika kazini, akija nyumbani aliiunda upya, ndogo. Sebule yangu ni bandari, mwanangu. Mapazia hayo nilishona mimi."

"Haya haya?"

"Haya haya. Mapazia ni yangu, maboya ni yake. Meli siyo."

"Umejuaje?"

"Nimeinyanyua." Mama alisema hivyo kana kwamba swali halikuhitaji jibu jingine. "Ile nilikuwa naipangusa vumbi kila wiki. Mkono unajua. Hii ni nzito."

Kwanini aliinyanyua. Kwake ilikuwa meli tu. Akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Ilitoa sauti butu, kama kugonga kinu.

"Yake ukiigonga inaitika," mama alisema. "Na sitaha yake ilikuwa inafunguka kama kifuniko. Alikuwa akisema meli ni tumbo, huko juu ni mapambo."

Kwanini alijaribu kuifungua sitaha kwa kucha. Haikubanduka. Wala haikuwa na ufa wa kubandukia.

"Ilitoka nyumbani lini?"

"Baada ya mazishi. Mbao zake zilikuwa zimevimba, nikaipeleka kwa fundi wa chama chao, chama cha waunda meli za mbao. Yule wanayemwita Gundi. Jana ndiyo ameirudisha."

"Mbao zilivimba kwa nini?"

 Mama alilikunja shuka lake likawa dogo, akalikunjua tena.

"Aliitia maji mwenyewe. Kivuko kilipozama, mume wangu hakula. Akaichukua meli, akaingia nayo bafuni, akajaza beseni la kufulia. Nikamkuta amepiga magoti, anaimiminia maji kwa kikombe upande wa mbele, anaitazama inavyolala ubavu. Anaitoa, anaimwaga, anaanza tena. Nikamgombeza, kazi ya miaka anaiharibu! Hakunijibu. Alisema tu, 'Ndivyo ilivyokuwa.' Kesho yake akavaa shati la kutokea, akaniambia anakwenda kumwona mwenzake wa chama, ajue la kufanya. Akarudi kimya. Mwezi haukuisha, kiharusi kikamchukua."

"Mwenzake yupi?"

"Sikuuliza." Akamtazama Kwanini machoni. "Nilidhani tutakuwa na muda."

Kwanini aliisogeza meli kando. "Kuna mtu aliyewahi kuitamani meli hii?"

"Shemeji yangu," mama alijibu bila kusita. "Tangu msibani. Watu wanalia, yeye anaipima kwa macho."

*

Shemeji alikuwa kinyozi. Alipomwona inspekta mlangoni, mashine ilimteleza ikamwachia mteja njia nyeupe juu ya sikio. Juu ya rafu, kando ya vioo, kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa taulo.

"Hicho ni nini?"

"Kipi, afande?"

"Chenye taulo."

"Ah! Hicho ni... taulo."

Kwanini alilivuta. Ilikuwa meli kweli, lakini ya plastiki, na chini ya mkuku wake bado ilibandikwa karatasi ya dukani. Mteja mwenye njia nyeupe kichwani akaangua kicheko. Kinyozi aliinamisha macho.

"Nilikuwa nawaambia wateja ni kazi ya kaka," alisema. "Mtu akikaa kwenye kiti anapenda kuona kitu cha maana. Ile yenyewe nilimwomba shemeji akaninyima. Nikasema niende kwa fundi huko huko, nimbembeleze. Akanifukuza."

"Gundi alikufukuza?"

"Alinisukuma kabisa, na yeye ni mtu mpole. Alikuwa na mgeni ndani. Yule mkaguzi wa meli, mwenyekiti wa chama chao. Amekaa kwenye benchi na tai yake, ameshika sitaha ya meli ya kaka mkononi kama mfuniko wa sufuria, anatazama ndani." Kinyozi alishusha sauti. "Mimi kazi yangu ni nyuso, afande. Ule haukuwa uso wa mtu anayetazama mchezo."

"Kulikuwa na nini ndani?"

"Sijui. Ungeniuliza nywele zake ningekwambia."

Mkaguzi wa meli. Kwanini alilitafuna neno hilo njia nzima. Kila chombo kinachotoka matengenezoni, ni yeye anayekikagua na kukiruhusu kurudi majini. Kivuko nacho kilitoka matengenezoni miezi michache kabla ya kuzama. Kulikuwa na ubaya gani mwenyekiti wa chama kutazama kazi ya mwanachama? Hakuna. Lakini mbona sitaha aliyoishika mkononi sasa haifunguki?

*

Karakana ya Gundi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, kinachonuka vanishi na mbao mbichi. Meli zilikuwa kila mahali: zenye milingoti na zisizo nayo, nyingine mifupa mitupu ya mataruma inayongoja kuvikwa mbao. Moja ilikuwa imebanwa kwa vibanio vya nguo kutoka mwanzo hadi mwisho, gundi ikikauka. Gundi mwenyewe alikuwa mwembamba, vidole vimejaa makovu madogo ya kisu. Alikuwa akivuta uzi juu ya kipande cha nta, ili usitoke manyoya utakapofungwa kwenye mlingoti. Hakuacha kuuvuta inspekta alipoingia.

"Nimekuja kujifunza," Kwanini alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Meli ikivimba mbao, unaitibuje?"

"Unaikausha taratibu, kivulini. Mbao zilizokufa unazitoa moja moja, unatia mpya. Unapiga msasa, unapaka rangi."

"Na ile ya mama mjane, ulitia mbao ngapi?"

"Chache. Mbele pale, na ubavu kidogo."

"Kwa hiyo ndani ni ile ile."

"Ile ile."

Kwanini alifunua shuka. Gundi aliitazama meli kisha akauangalia uzi wake.

"Mama anasema imerudi nzito."

"Rangi, afande. Rangi ina uzito wake."

"Rangi!" Kwanini aliinuka, akaanza kutembea polepole kati ya rafu. Hakugusa kitu. Chini ya jiliwa la kubania mbao palikuwa na chane za mbao zilizofagiliwa zikarundikwa kona. Aliinama, akaokota moja. Zile za juu zilikuwa nyembamba, zimejikunja kama ganda la kitunguu: kazi ya randa. Zilizo chini yake zilikuwa nene, fupi, zimeng'olewa kwa patasi. Pembeni kulikuwa na kipande cha gogo, chenye unene wa kiganja, kimekatwa kwa msumeno upande mmoja. Upande wa pili kilikuwa na mviringo laini, kama wa mashavu ya meli.

Alikichukua, akakiweka mezani kando ya meli. Mviringo ulikuwa mmoja. Akaipindua meli, akakwangua rangi kidogo chini ya mkuku kwa ncha ya ufunguo. Mbao iliyotokea ilikuwa nyekundu yenye michirizi myeupe. Ya gogo pia.

"Nisaidie, fundi. Mtu anayeziba ubao mmoja, gogo zima la nini?"

Uzi ulikatika.

"Umeunda meli nyingine," Kwanini aliendelea kwa upole. "Ukahamisha maboya, ngazi, hata mapazia, ili mama asijue. Kazi ya mtu mwenye mikono. Lakini tumbo hukulichimba. Kwa nini?"

"Sikuambiwa nilichimbe," Gundi alisema, na aliposikia alichosema alifumba macho.

"Uliambiwa na nani?"

Gundi aliziokota ncha za uzi. Nje mtu alikuwa anaita kuku. Kwanini alikaa tena. Alikuwa mvumilivu wa kimya kama wengine walivyo wavumilivu wa jua.

"Mwanzo aliniambia nizibe tu matundu yaliyomo ndani," Gundi alisema hatimaye. "Mwenyekiti. Akaifungua, akaniambia marehemu alikosea humo ndani, si vizuri kosa libaki kwenye kazi ya mtu aliyekufa. Nikaanza. Nikashika patasi... afande, nimetengeneza meli za watu tangu sijaota ndevu. Ya namna ile sijaiona. Kila ukuta wa ndani ameutia misumari midogo ya shaba kama ribiti za kweli za kuungia vyuma. Mtu kama yule hakosei. Nikamwambia siwezi kuigusa. Akasema basi ichome, mwundie mjane nyingine, hatajua. Yeye ndiye anayenipa wateja. Yeye ndiye chama." Alijipangusa uso kwa kiwiko. "Nikaunda nyingine."

"Na ile?"

"Nimeichoma."

Kwanini alitikisa kichwa. "Mtu aliyeshindwa kuitia patasi hawezi kuitia kiberiti. Iko wapi?"

Gundi alimtazama kwa muda, kisha mabega yake yakashuka, na ilionekana kama ni kwa nafuu. Alipanda juu ya benchi. Katikati ya boriti, chini ya bati, kulikuwa na kitanda cha mtoto kilichofunikwa blanketi. Aliingiza mikono yote miwili, akaiteremsha meli jinsi mtu anavyomtoa mtoto aliyelala.

Ilikuwa nyepesi. Kwanini alipoipokea, mikono yake ilipanda yenyewe. Aliigonga, nayo ikaitika. Sitaha ilifunguka kwa sauti ndogo, na wote wawili wakainama.

Tumbo la kivuko lilikuwa limegawanywa kwa kuta, kutoka mbele hadi nyuma, vyumba vilivyofuatana. Gundi hakuhitaji kuulizwa kazi ya kuta zile. "Maji yakiingia chumba kimoja yanafia humo humo," alisema. "Chombo kinainama kidogo, lakini kinafika." Lakini chini kabisa, kila ukuta ulikuwa umekatwa mlango wa mraba, na milango yote ilikuwa mstari mmoja. Kingo zake zilipakwa rangi ya kijivu iliyochafuka, kama chuma kilichoungua kwa moto wa kukatia. Kwenye mbao za sakafu kulikuwa na alama ya maji ya beseni. Ilianza chumba cha mbele, ikapita mlango kwa mlango, ikaenda kujikusanya upande mmoja wa nyuma.

"Kwa nini mtu akate kuta za namna hii?" Kwanini aliuliza.

"Apitishe mzigo mrefu. Nondo. Mabomba." Gundi alijifuta vidole kwenye suruali. "Mimi naijua meli ndogo tu, afande. Lakini maji hayajui ndogo wala kubwa."

*

Alimpelekea mama meli yake jioni ile ile. Mama aliinyanyua, akaitikia kwa kichwa mara moja, akataka kuirudisha kwenye rafu yake.

"Bado, mama. Nataka uione ndani."

Mama aliitazama. Kwanini alimweleza kuta, nondo, maji. Alimweleza bila kuzunguka, kwa kuwa aliona huyu si mtu wa kuzungukwa. Alipomaliza, mama alikuwa amegusa ukingo mmoja wa kijivu kwa ncha ya kidole.

"Hizi zilikatwa kwa moto."

"Ndiyo."

"Mume wangu ndiye aliyekuwa mtu wa moto pale."

 Kwanini alikuwa amelifikia wazo hilo njiani, na alikuwa ametumaini mama asilifikie.

"Kwa hiyo nilikuja kwako kutafuta meli," mama alisema taratibu, "nimempata mume wangu."

"Kazi ile haifanywi bila amri, mama. Wala haifanywi na mtu mmoja. Na baadaye alikwenda kusema. Bahati mbaya, naona alimwambia yule yule aliyekipitisha kivuko kwamba ni kizima."

"Ukiipeleka mbele, watasema ni yeye."

"Baadhi watasema."

Mama aliinuka, akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Alisimama mbele ya rafu zake, mbele ya bandari yake yote, mgongo ameupa chumba.

"Alivaa shati la kutokea," alisema. "Kwenda kusema, alivaa shati la kutokea. Ichukue."

*

Mfano wa mbao hauwezi kumfunga mtu wala kumfungua. Kwanini alilijua hilo. Ndiyo maana hakuanza kwa mkaguzi. Alikwenda kwanza karakana ya meli, akaiweka juu ya pipa mbele ya wachomeleaji wawili waliofanya kazi na marehemu, akafungua sitaha, akarudi nyuma hatua moja. Walikuwa wameshahojiwa zamani na wote wakasema hawakumbuki. Sasa mmoja aliinama akatazama kwa muda mrefu, akavua kofia.

"Huu wa pili nilikata mimi," alisema. "Ameuweka hata pale mkono wangu ulipoteleza."

Waliandikisha maelezo siku hiyo hiyo, wote wawili. Amri ilitoka kwa wenye kivuko, na mkaguzi alishuka chini, akaziona kuta, akapanda juu akasema ziko sawa.

Mkaguzi alimpokea Kwanini ofisini kwa chai. Ukuta mzima ulikuwa wa meli zake mwenyewe, nadhifu, zimefungiwa kwenye vioo. Alipoziona meli mbili zikiwekwa mezani kwake sambamba, alikirudisha kikombe kwenye sahani kwa uangalifu.

"Inspekta, unataka kuleta mahakamani mchezo wa mchomeleaji marehemu?"

"Kama ni mchezo, kwa nini uagize uchomwe?"

"Nani amesema?"

"Aliyeshindwa kuuchoma."

Mkaguzi alicheka, lakini kicheko kilimwishia njiani. Macho yake yalikuwa kwenye meli nyepesi. Kwa muda mfupi Kwanini aliona kitu ambacho hakukitarajia: mtu yule alikuwa akiitamani. Alikuwa akizitazama ribiti za shaba kama fundi anavyoitazama kazi iliyomzidi.

"Alikuja hapa," mkaguzi alisema. "Alikaa pale ulipokaa. Nikamwambia aniachie, nitalishughulikia." Kisha alijiweka sawa kwenye kiti, akaomba wakili wake, na hakusema neno jingine mpaka gari la polisi lilipokuja.

*

Mama alisisitiza kwenda naye mahabusu. Kwanini alimwambia si lazima. Mama alisema analijua hilo.

Nahodha aliletwa kwenye chumba kidogo chenye meza na viti vitatu. Picha zake za magazeti zilikuwa za mtu mnene. Huyu alikuwa amebaki mifupa na macho. Alipoona kivuko juu ya meza alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Sitaki kukiona."

"Fungua," mama alimwambia. "Mume wangu ndiye aliyekiunda."

Labda ni kwa sababu sauti ile haikuwa ya askari. Nahodha alikaa. Sitaha ilipoondoka alitazama ndani kama mtu anayetazama kisimani, kisha akatia kidole chumba cha mbele. Kidole kikapita ukuta wa kwanza. Kikapita wa pili. Alikitoa, akakitia tena.

"Nilipewa cheti," alisema. "Kuta nzima. Mimi kazi yangu iko juu, sikushuka."

"Tunajua," Kwanini alisema, akiwa amesimama kando ya ukuta.

"Asubuhi ile nilisikia kizito kwenye usukani. Nikadhani ni mzigo umekaa vibaya. Nikakata kona nikiwahi gati." Alikuwa akiongea na meli, wala si na wao. "Tangu siku hiyo nikifumba macho naikata kona ile ile. Naikata polepole. Naikata polepole zaidi. Kila mara kinapinduka, na mimi naamka."

Mama alivuta kiti chake karibu.

"Ningeikata polepole vipi," nahodha aliuliza, "kisingepinduka?"

Kwanini alikuwa amemuuliza mtaalamu wa vyombo swali hilo hilo, na akamrudia tena, na mara ya tatu, mpaka yule bwana akaudhika.

"Kingepinduka tu," Kwanini alimjibu. "Hata ungekwenda moja kwa moja. Maji yalikuwa yameshaingia mbele na kupita kuta zote."

Nahodha hakulia, wala hakushukuru. Alikaa hivyo, kidole kikiwa bado ndani ya tumbo la meli, wakati Kwanini akimweleza wakili atakuja lini na hakimu ataombwa nini. Hakuonekana kusikia. Baada ya muda alikitoa kidole, akaisogeza meli pembeni taratibu ili asiiangushe, akaweka mikono juu ya meza na kichwa juu ya mikono.

Askari magereza alipofungua mlango kusema muda umekwisha, alimkuta anakoroma.

"Amelala?"

"Amelala," mama alisema. "Mwache kidogo."

Askari alitazama saa ya ukutani. Akamtazama mtu aliyelala, akafunga mlango bila kuupigisha, akavuta kiti cha tatu, akakaa.